Ulimi wa Severina wa Mkunya

Mkunya, kata ile iliyo karibu na Newala, hakuna aliyenunua kinywaji cha shughuli bila kwanza kumpelekea Severina Malocho aonje. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, wala hakuna aliyekaa chini akaipanga. Mtu akiwa na harusi, au mtoto wake anatoka jandoni, au anamaliza msiba wa mzee wake, alichota kidogo kwenye dumu alilotaka kulinunua, akakitia kwenye chupa tupu ya maji, akaenda nacho kwa Severina, ambaye wengi walimwita Mama Godwin. Akirudi na neno zuri, dumu lilinunuliwa. Akirudi na neno baya, liliachwa.

Severina hakuzaliwa Mkunya. Alizaliwa Lupaso, upande wa Masasi, na ndoa ndiyo iliyompandisha huku juu. Mumewe, fundi baiskeli, alifariki wakati mtoto wao Godwin bado yuko shule ya msingi. Aliyemfundisha kukamua mabibo alikuwa mama mkwe wake. Mabibo ni lile tunda laini la mkorosho linalobaki korosho ikishatolewa. Wengi huliacha lioze chini ya mti, na wengine hulikamua, wakaliacha lichachuke likawa uraka. Mama mkwe alimpa mkamwana wake uraka wa majirani auonje, kwa mzaha tu. Severina akasema mmoja umetiwa maji ya tangi la saruji, mwingine mabibo yake yamelala chini mpaka yakaingia mchanga, na mwingine umekaa kwenye dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa. Mama mkwe akaenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Yote yakawa kweli.

Habari hiyo ikatembea. Watu wakaanza kuja, na sababu ya kuja ilikuwa rahisi kuielewa. Muuzaji ukimuuliza, pombe yake ni nzuri. Mlevi ukimuuliza, kila pombe ni nzuri. Shemeji ukimuuliza, atasifu ile ya ndugu yake. Severina hakuwa akiuza, hakuwa mlevi, na kijijini hakuwa na ndugu wa kumpendelea. Alikuwa na ulimi wake tu.

Naye aliuheshimu. Akiletewa chupa alisukutua mdomo kwa maji, akatafuna kipande cha muhogo mbichi, akasukutua tena. Alimimina kidogo kwenye kikombe cheupe cha bati, akanusa, akapiga funda moja, akaishika mdomoni huku macho yanatazama mbali kama anayesikiliza mtu anayeita kutoka bondeni. Kisha akatema. Hakumeza. Aliyeleta alikaa akisubiri, na kwa kweli alikuwa na hofu, hata kama si yeye aliyepika.

Maneno yake yalikuwa machache na kila mtu aliyajua maana. Akisema "una haraka", ulikamuliwa jana na unauzwa leo. "Una kelele", ukali mtupu bila ladha. "Umelala", nguvu imetoka. Sifa kubwa kuliko zote ilikuwa moja: "Umetulia." Uraka uliotulia ulimalizwa na wageni kabla ya wali kupakuliwa.

Wapo walioumia kwa maneno hayo. Priska, Mama Kulwa, alikuwa mjane anayelea wajukuu kwa kupika uraka, na kwa muda mrefu uliuzika vizuri. Mwaka mmoja watu walichukua chupa yake wakaipeleka kwa Severina kabla ya sherehe ya jando. Severina akaonja, akatema, akasema, "Umechoka." Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo lilifika kila kona, na watoto wakalifanya wimbo. Msimu ule Priska alimwaga dumu baada ya dumu shambani, na msimu uliofuata hakupika. Walipokutana kisimani alimsalimia Severina kama kawaida, ila bila kusimama.

Severina aliliona hilo. Usiku mwingine lilimsumbua. Lakini pia, na hili hakumwambia mtu, lilimpendeza kidogo kujua kwamba neno lake lina uzito kiasi hicho.

Basi mwaka mmoja, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, akaja Christopher.

Alikuwa kijana wa Masasi, mwembamba, shati limenyooshwa, na mkononi ana kikapu cha chupa zilizofungwa vizuri. Alisimama mbali kidogo na mlango mpaka akaitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaeleza. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza mvinyo wa mabibo. Sio uraka, mvinyo, wa chupa, unaochujwa na kukaa miezi. Alitaka watu wa huku juu waache kununua mvinyo unaosafirishwa kutoka Dodoma wakati mabibo yanawaozea wenyewe chini ya miti. Lakini kila duka aliloingia, Newala mpaka Tandahimba, wenye maduka walimjibu jibu lilelile: Mama Godwin anasemaje?

"Ndiyo nimekuja, mama. Uonje. Ukisema mbaya, narudi nao Masasi."

Severina akaleta kikombe chake. Akasukutua, akatafuna muhogo, akamimina. Mvinyo ulikuwa na rangi ya asali nyepesi. Alipoushika mdomoni alikaa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka Christopher akaanza kupangusa kiganja kwenye suruali. Bibo lilikuwemo, lote, na ule ukakasi wake unaobana fizi, lakini umelainishwa, umefundishwa adabu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Severina alimeza.

"Huu umetulia," alisema. "Mwanangu, huu umetulia kweli."

Christopher alitaka kumpa fedha, Severina akakataa. Hakuwahi kupokea malipo kwa kuonja na hakutaka kuanza. Ndipo kijana akaomba kitu kingine. Je, angekubali kupigwa picha, ibandikwe kwenye chupa, na chini yake yaandikwe maneno kwamba umeonjwa na Mama Godwin wa Mkunya?

Aliwaza kidogo. Fedha ilikuwa jambo moja. Picha aliona ni jambo lingine. Akaingia ndani, akabadili kitenge, akatoka, akapigwa picha akiwa ameshika kikombe cha bati.

Godwin, aliyekuwa akiendesha lori dogo la kubebea magunia kati ya Newala na Masasi, aliiona picha hiyo dukani kabla mama yake hajamwambia. Alikuja nyumbani na chupa mkononi.

"Mama, umeshafika wanakoutengenezea huu?"

"Sijafika."

"Unajua wanatia nini?"

"Mimi naonja kilichomo kwenye chupa, Godwin. Sionji nyumba kilikotengenezewa."

"Ila sasa kila chupa ina sura yako. Na wewe umeonja moja."

Severina alicheka, akamwambia dereva aangalie barabara yake. Godwin hakuendelea. Si mtoto wa kubishana na mama.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kuishi Mkunya. Alipokwenda sokoni Newala watu wasiomjua walimnyooshea kidole, wakanong'ona, wakaja kumsalimia. Padri alimtania baada ya misa. Mwanamke aliyeshuka kwenye basi la Mtwara alimshika mkono akamwambia mvinyo wake ni mzuri sana. Wake. Severina hakumsahihisha.

Ikaisha Desemba, msimu ukafungwa, mvua zikaingia. Mikorosho ikasimama mitupu, bila ua wala tunda. Mvinyo wa Christopher haukuadimika. Uliendelea kuja, kikapu baada ya kikapu, na hakuna aliyejiuliza unatoka wapi wakati mabibo yameisha na ule uliokuwepo ulikuwa ukinunuliwa kwa fujo. Severina naye hakujiuliza. Baadaye hilo ndilo alilolirudia kila siku: kwamba hata mtoto anayechunga mbuzi angeweza kuuliza.

Baada ya Pasaka, Bonifasi alikuwa anamwoza binti yake Anjelina. Bonifasi alikuwa jirani wa Severina, mpakani kabisa, mkulima wa korosho na muhogo, na ndiye aliyemchimbia mumewe kaburi. Alikuja na chupa mbili. Moja ilikuwa mvinyo wenye picha. Nyingine ilikuwa pombe ya mtama, nyeusi kidogo.

"Hii ni ya Mama Kulwa," alisema Bonifasi. "Ameanza kupika tena. Bei yake ni nzuri. Lakini harusi ni ya mtoto wangu wa kwanza, Mama Godwin, na wakwe wanatoka Masasi mjini. Sitaki aibu. Nichukue ipi?"

Severina akaonja ya Priska. Ilikuwa pombe ya kawaida, nzito, safi, isiyo na la kusifu wala la kulaumu. Akasukutua. Akafungua mvinyo.

Kilichomjia mdomoni kilikuwa kitamu. Kitamu sana, na laini. Aliutafuta ule ukakasi wa bibo, akaupata kwa mbali, kama sauti ya mtu aliyeshaondoka. Chini yake kulikuwa na moto, safi kabisa, usio na harufu mbaya yoyote. Haukuwa mvinyo ule wa kwanza. Hilo alilijua papo hapo, kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Bibo liko mbali, alisema moyoni.

Bonifasi alikuwa anamtazama. Juu ya meza, kwenye picha ya chupa, Severina naye alikuwa anajitazama, amevaa kitenge kipya, ameshika kikombe. Ukisema umebadilika, aliwaza, itabidi useme kwa kila duka. Na huyu atakwenda kununua kwa Priska, na Priska atasema, mmeona?

"Chukua mvinyo," alisema. "Hauna neno."

Harusi ilifana. Misa ilikwisha mapema, wageni wakakaa chini ya maturubai uwanjani kwa Bonifasi, ngoma ikapigwa mchana kutwa. Bonifasi alizunguka na chupa mwenyewe, akiwamiminia wakwe, na kila alipofika meza mpya aliinyanyua chupa na kumwonyesha Severina pale alipokaa na akina mama. "Mwenye ulimi huyu hapa! Kunyweni bila wasiwasi!" Watu wakapiga vigelegele. Erasto, mwalimu wa kwaya, mtu mnene mwenye sauti ya kutikisa bati, alikunywa zaidi ya wenzake, kwa sababu aliimba zaidi ya wenzake. Severina aligusa kikombe chake mdomoni, akakiweka chini. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Bwana harusi na Anjelina walikunywa soda, kwa kuwa kiapo cha chama chao cha vijana kanisani kiliwakataza pombe. Jua lilipozama watu walikwenda makwao wakiwa na furaha.

Asubuhi Erasto alimwambia mkewe kwamba ukungu umeingia ndani ya nyumba. Mkewe akachungulia nje. Jua lilikuwa kali. Erasto akasema hapana, ni mweupe, kila mahali mweupe, kama amefunikwa shuka. Kisha akaanza kutapika, akashika tumbo, na pumzi ikawa inakwenda kasi kama ya mtu aliyekimbizwa. Wakati mkewe anatafuta usafiri, nyumba ya tatu kutoka pale walikuwa nao wanatafuta usafiri. Godwin alikuwa nyumbani siku ile. Alitoa magunia kwenye lori, akaanza kupakia watu.

Alimkuta Bonifasi amekaa kizingitini, viatu vya harusi bado miguuni. Alikuwa anapunga mkono mbele ya uso wake mwenyewe, polepole, akiutafuta.

"Godwin, ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Bado hakujapambazuka?"

Godwin alimbeba.

Hospitalini wauguzi waliwatundikia dripu, madaktari walikimbia kitanda hadi kitanda. Erasto alifariki kabla ya adhuhuri. Baba mkwe wa Anjelina alifariki jioni, na wengine wawili walifuata, mmoja wao mwanamke aliyekuja kupika tu na akapewa kilichobaki kwenye chupa kama asante. Bonifasi hakufa. Macho yake yalibaki wazi, mazuri, bila jeraha lolote, na hayakuona tena.

Severina alikaa kwenye korido ya hospitali mpaka mtu mmoja, sijui nani, alipopita na chupa tupu iliyokuwa inapelekwa polisi. Alijiona tena, anatabasamu. Akainuka, akatoka nje.

Polisi walimhoji kwa upole. Mkaguzi aliyemhoji alikuwa mwanamke wa makamo, na alimwita mama muda wote.

"Mama, wewe una utaalamu wowote wa vinywaji? Umesomea?"

"Sijasomea."

"Ila picha hii ni yako."

"Ni yangu."

"Marehemu na wenzake walikunywa kwa sababu ulisema unafaa."

"Niliulizwa kama ni mtamu."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. "Uliulizwa kama ni mtamu, au uliulizwa kama unafaa kunywewa?"

Katika miaka yote ile Severina hakuwahi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Watu walikuja na chupa, naye akatoa neno, na kila mmoja alibeba kutoka kwenye neno hilo kile alichokihitaji. Aliyetaka utamu alibeba utamu. Aliyetaka usalama alibeba usalama, na Severina alimwacha aende nao.

"Sijui," alisema mwishowe. "Sijui niliulizwa nini."

Kijijini hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Kwenye msiba wa Erasto alikwenda na unga wake na mchi wake, kama wanawake wote wanavyokwenda. Akaanza kutwanga. Mama mmoja akaja, akamwambia kwa sauti ya chini, "Pumzika, Mama Godwin," akauchukua mchi. Akahamia kwenye sufuria. Mwingine akaja akachukua mwiko, naye akasema pumzika. Akaenda kukaa kwenye mkeka, na mkeka ule haukujaa, ingawa wengine walikaa mchangani. Chakula kilipopakuliwa alipelekewa sahani. Aliishika mpaka ikapoa.

Siku ile ile, wakati watu wanarudi kutoka makaburini, Priska alimfuata nyumbani. Hakubisha hodi. Alisimama uani.

"Mama Godwin, nina swali moja."

"Karibu ndani, Mama Kulwa."

"Sikai. Ule uraka wangu. Mwaka ule uliposema umechoka. Ulikuwa umechoka kweli, au kuna mtu alikutuma?"

Severina angeweza kusema lolote. Priska alikuwa amelia, uso umevimba. Erasto alikuwa mtoto wa dada yake.

"Ulikuwa umechoka," alisema Severina. "Mabibo yalizidi kukaa."

"Kuna mtu aliugua?"

"Hakuna."

"Na huu uliomuua mtoto wetu? Huu ulikuwaje mdomoni?"

Severina alishika nguzo ya baraza.

"Ulikuwa mtamu."

Priska alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu kitu kisichohesabika. Kisha akajifunika kanga, akaondoka.

Christopher alikamatwa akiwa Masasi, kwenye chumba alichokuwa amepanga, akifunga chupa. Hakukimbia. Ilipofika mahakamani, Mtwara, mambo yalijulikana yote. Mvinyo wa kwanza ulikuwa halali, wa mabibo, ameutengeneza kwa uangalifu na fahari. Ulipoisha, wenye maduka walitaka mwingine, na mikorosho haikuwa na kitu. Alichukua masalia ya mvinyo, akaongeza sukari, rangi, na spiriti aliyoinunua kwenye mapipa kwa mtu asiyemjua vizuri, aliyemwambia kwamba ni pombe ya miwa. Haikuwa ya miwa. Ilikuwa ile inayotumika viwandani. Christopher alilia kizimbani, akasema hata yeye aliionja na hakuona tofauti.

Mtaalamu wa kemia aliitwa. Alieleza kwamba sumu ile haina ladha wala harufu ya kuitambulisha. Ikishachanganywa na pombe nyingine na sukari, mdomo wa mwanadamu hauwezi kuibaini. Hakuna mdomo, alirudia, hata uwe hodari namna gani.

Severina aliposimama kutoa ushahidi, wakili aliyekuwa akimwongoza alitaka jambo dogo tu: athibitishe kwamba chupa za mvinyo wa kwanza na za ule wa harusini zilikuwa na picha moja. Alithibitisha. Wakili akasema asante, unaweza kukaa.

Hakukaa.

"Nina neno," alisema.

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Sema, mama."

"Huyu bwana amesema hakuna mdomo unaoweza kujua sumu. Ni kweli, sikujua sumu. Lakini nilijua si mvinyo ule wa kwanza. Bibo lilikuwa mbali. Nilijua na sikusema, kwa sababu picha yangu ilikuwa kwenye chupa."

Karani aliacha kuandika, akamtazama hakimu, kisha akaendelea kuandika. Kwenye benchi la mbele Bonifasi alikuwa amekaa na Anjelina, mkono wake umeshika bega la binti yake. Aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka, akaupeleka mbali kidogo kuliko ilivyopaswa, akawa anautazama ukuta.

Nje, chini ya ukuta wa mahakama, watu walikuwa wakitawanyika. Severina alisogea karibu nao lakini hakuthubutu kuongea. Bonifasi ndiye aliyeanza.

"Mama Godwin yuko hapa?"

"Nipo, Baba Anjelina."

"Siku ile ningekuuliza, huu ni uleule? Ungeniambiaje?"

"Ningekuambia hapana."

"Ningenunua pombe ya Mama Kulwa."

"Ndiyo."

"Sikukuuliza," alisema Bonifasi, "kwa sababu nilidhani ndicho ulichokuwa unanijibu." Akamgusa binti yake. "Twende, mama. Basi litatuacha."

Anjelina alimwongoza. Hakugeuka nyuma. Ndoa yake ilikuwa bado ipo, ingawa upande wa mume, waliomzika baba yao wiki ya harusi, hawakuwa wakimwita kwa jina.

Christopher alifungwa miaka mingi. Severina hakushtakiwa kwa lolote. Godwin alimwambia abaki, kwamba watu husahau, lakini alifunga vitu vyake akashuka Lupaso kwa kaka yake, akapewa kipande cha shamba alime karanga na kunde. Huko walijua kilichotokea, ila hakuna aliyekuwa amezika mtu.

Msimu uliofuata mabibo yalipoanza kuanguka, akatokea mtu. Cuthbert, kutoka Tandahimba, mwenye umri wa kutosha kuwa mdogo wake. Alikuwa ametoka mbali kwa pikipiki ya kuazima, na mkononi ana chupa ya uraka. Alikuwa na sherehe ya mwanaye.

"Dada, shikamoo. Nimeambiwa ulihama. Nimekutafuta kwa shida."

"Marahaba. Hukusikia kilichotokea Mkunya?"

"Nilisikia. Lakini walisema mahakamani hakuna mdomo ungeweza kujua. Kwa hiyo wewe huna kosa. Onja tu, dada. Neno moja."

"Sionji."

"Basi nimuamini nani? Pale Newala kuna binti, Loveness, anaonja na kuweka kwenye simu, watu wanamfuata wengi. Nimpelekee yeye?"

Severina aliweka jembe chini.

"Anauza?"

"Sijui."

"Huo uraka ni wa nani?"

"Wa jirani yangu. Mama mmoja."

"Uliwahi kukaa naye anapokamua?"

"Kwa nini nikae naye?"

"Nenda ukakae naye. Ukaone mabibo yanatoka mti gani, maji yanatoka wapi, na dumu lilibeba nini kabla. Akikukatalia kukaa, usinunue. Akikukubalia, kunywa naye kikombe kimoja kutoka dumu lile lile mtakalowapa wageni, halafu subirini mpaka kesho yake jioni."

Cuthbert alimtazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kazi ya kuchimba kisima.

"Lakini ni mtamu? Hilo tu niambie. Nimetoka mbali."

"Sijui, ndugu yangu."

Aliondoka amekasirika, akasahau hata kuaga vizuri. Severina alisikiliza pikipiki mpaka ikapotelea barabarani. Hakujua kama atakwenda kwa jirani yake au kwa binti wa kwenye simu, na hakuwa na njia ya kumlazimisha.

Kila basi lililopita kutoka Tandahimba alitoka barabarani kuuliza. Aliuliza makondakta, akauliza akina mama wenye vikapu, akauliza kama kuna mtu anamfahamu Cuthbert fulani aliyekuwa na sherehe. Walimwona kama mtu aliyeharibikiwa. Kaka yake alimwambia aache. Hakuacha. Hatimaye akashuka mwanamke mmoja anayemjua Cuthbert, aliyekuwa amehudhuria sherehe ile.

"Walikunywa?" aliuliza Severina.

"Walikunywa, walicheza mpaka vumbi likatanda."

"Na asubuhi? Waliamkaje?"

"Waliamka, dada. Wameamka wazima wote. Kwa nini?"

Severina alirudi shambani, na alipofika katikati ya matuta ya karanga akakaa pale pale kwenye udongo.